Mtaalamu na Skrini ya Inchi Thelathini na Mbili

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mtaa mzima unamwita Mtaalamu. Jina hilo hakupewa na chuo. Alipewa na redio ya kinyozi, iliyogoma kusema siku moja, yeye akaipiga kofi la ubavuni, ikasema. Tangu siku hiyo, na sasa ni mwaka wa kumi na tisa, hakuna kitu chenye waya kinachonunuliwa, kinachofunguliwa wala kinachotupwa kwenye mtaa wetu kabla yeye hajaja kukitazama, mikono kiunoni.

Ana chumba cha biashara kinachotazama barabara, ukuta mmoja na huyo huyo kinyozi. Anatengeneza simu, anajaza nyimbo kwenye flashi, anapiga picha za pasipoti mbele ya shuka la buluu. Si mvivu, nisimsingizie. Anafungua mapema kuliko jirani zake wote. Ila ana ugonjwa mmoja: hajui kusema "sijui". Ukimuuliza asichokijua anakohoa kidogo, anatazama dari, halafu anakujibu kwa sauti nzito kuliko yake ya kila siku. Nimemsikiliza miaka mingi. Sauti ikishuka tu, najua hapo hakuna kitu.

Halafu stika. Amechapisha stika za njano zenye neno MTAALAMU, picha ya bisibisi na namba yake ya simu, na kila anachokigusa anakibandika. Friji yetu inazo tatu, kwa sababu iliharibika mara tatu baada ya yeye kuitengeneza. Na watu wazima wenye akili zao timamu wanazionea fahari stika hizo kama vyeti. Nimemsikia mama mmoja anamwambia mwenzake, "Televisheni yangu imekaguliwa." Imekaguliwa na nani? Na mtu aliyeipiga kofi redio.

Mtu huyu ndiye aliyemchagulia binti yangu skrini.

Binti yangu, kifungua mimba wangu, anafanya kazi hapa hapa nyumbani. Kuna injinia mmoja mwanamke, mwenye ofisi yake mjini, anayemtumia ramani za majengo ya zamani, zile zilizochorwa kwa mkono kwenye karatasi kubwa kubwa na kupigwa picha. Yeye anazisafisha madoa na kuzichora upya kwenye kompyuta, mstari kwa mstari, kipimo kwa kipimo. Kazi hiyo alikuwa anaifanyia kwenye laptop ambayo skrini yake haizidi daftari lililofunguliwa. Ili asome namba lazima aikuze ramani; akiikuza, jengo lote linatoweka, inabaki kona ya dirisha. Anarudi nyuma, anatafuta alikokuwa, anakuza tena. Hivyo hivyo kutwa.

Mimi nashona sare za shule kwenye chumba hicho hicho. Cherehani yangu iko dirishani, meza yake iko ukutani, kwa hiyo kila ninapoinua kichwa namwona. Nilimwona alivyoanza kusogeza pua kwenye kioo. Nilimwona anavyofinya macho, anavyoshika shingo, anavyokwenda bafuni kujimwagia maji usoni na kurudi na macho mekundu vile vile. Mimi niliishia darasa la saba, na mambo ya kompyuta siyajui. Ila macho nayajua. Yangu yaliliwa na uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, na kwa miaka miwili mizima nilikuwa naishika sindano mbali na uso wangu na kulaumu uzi, kulaumu taa, kulaumu kiwanda cha sindano, mpaka nilipokubali kwenda kwa fundi miwani. Kwa hiyo nikimwona mtoto wa miaka ishirini na sita anafinya macho, najua kinachokuja.

Nilichokuwa nakiogopa kikatokea. Kwenye ramani ya jengo fulani, upana wa mlango uliandikwa mita moja nukta tatu. Tatu yenyewe ilikuwa imechakaa, binti yangu akaisoma nane. Mafundi wakabomoa ukuta nusu mita zaidi ya walivyotakiwa. Injinia akapiga simu. Hakupaza sauti, na mtu asiyepaza sauti ndiye wa kuogopwa.

"Nakupa hospitali sasa," akamwambia. "Karatasi sita. Utanitumia kila unapomaliza moja, na ya mwisho niwe nayo Ijumaa. Likitokea kosa kama lile tena, tutaachana kwa amani."

Amani gani hiyo ya kumwachisha mtu kazi?

Binti yangu hakulia. Alikaa siku mbili anasoma habari za skrini kwenye simu yake, kisha akaandika kwenye kikaratasi kwa mwandiko wake mzuri: inchi ishirini na saba, 4K, bapa, isiyong'aa. Akiba yake alikuwa nayo, duka analijua. Kilichobaki ni kwenda kununua. Lakini mume wangu, ambaye mimi naye tunaelewana karibu kwa kila kitu, akaweka kikombe chini na kusema, "Mwite baba yako mdogo aende na wewe. Huwezi kununua kitu kama hicho yeye yupo, halafu akisikie barabarani. Ataona tumemdharau."

"Lakini baba, nimeshajua ninachotaka."

"Basi kuna ubaya gani mwenye kujua akisindikizwa na mwenye kujua zaidi?"

Nikasema nami nitakwenda. Hakuna aliyenikaribisha.

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Duka lilikuwa limepangwa skrini tangu sakafuni hadi juu, arobaini hivi, na zote zilikuwa zinaonyesha kasuku mmoja. Kasuku mwekundu, anageuza shingo, anapepesa jicho, manyoya yanametameta. Huku mkubwa, huku mdogo, kila unapotazama ni yeye. Watu wamesimama mbele yake midomo wazi, kana kwamba wamekuja kununua ndege.

"Karibuni sana," muuzaji akasema, kijana wa shati la kubana na funguo shingoni. "Mnatafuta ya gemu au ya sinema?"

"Ya kazi," akasema binti yangu.

"Ya kazi na ya gemu ni mtu na nduguye," Mtaalamu akadakia. "Tuonyeshe kubwa kwanza."

Binti yangu akatoa kikaratasi chake. Baba yake mdogo akakipokea, akakinyoosha mbali, akakikunja na kukitia mfuko wa shati. "Haya ya mtandaoni, mama, waachie wa mtandaoni. Skrini huchaguliwa kwa jicho."

Kisha akaanza kuchagua kwa jicho. Alikuwa akisimama mbele ya skrini, anarudi nyuma hatua mbili, mikono kiunoni, anatikisa kichwa kama mtu aliyeonja mchuzi. Alipofika kwenye moja ya inchi thelathini na mbili, pana kama dirisha la sebuleni, iliyopinda kwa ndani, akaguna.

"Unaona hii? Imepinda! Inakukumbatia!"

"Bosi anajua vitu," muuzaji akasema.

"Mwanangu anataka kuchora majengo," nikasema. "Kukumbatiwa kwa nini?"

"Shemeji, hii ndiyo teknolojia ilipofikia."

"Haya. Sasa huyo kasuku mtoeni, wekeni ramani tuone. Mtoto hachori kasuku."

Muuzaji akacheka. "Mama, hiyo ni demo, ya maonyesho tu."

"Ndiyo maana nasema mtoe."

"Shemeji," Mtaalamu akasema, kwa upole wa kunionea huruma, "wewe ukienda kununua uzi, mimi nakufuata?"

"Ungenifuata ningekurudisha mlangoni."

Muuzaji akacheka tena, safari hii upande wangu, lakini kasuku hakutoka. Binti yangu akauliza kwa sauti ndogo, "Baba mdogo, hii ina vitone vingapi vya picha? Mimi nataka vingi, 4K."

Chini ya ile skrini kulikuwa na kadi. Mtaalamu akaichomoa, akaishika kwa mkono ulionyooka wote, akakohoa, akatazama kidogo juu ya kadi. Sauti ikashuka. "Hapa wameandika. 4K."

Mimi nilikuwa namtazama muuzaji. Muuzaji aliinama kufunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Ningesema papo hapo, yangeishia papo hapo. Lakini sikuwa na miwani yangu, niliiacha kwenye meza ya cherehani, na binti yangu alikuwa ameshainamisha kichwa kama anavyofanya wakubwa wakishaamua. Tukanunua.

Ilipofika nyumbani ilijaza meza mpaka kikapu changu cha vifungo kikahamia sakafuni. Kinyozi akaja kuona, mke wa kinyozi akaja, hata mwenye nyumba ambaye huwa haji bila sababu yake. Mtaalamu akaunganisha waya, akarudi nyuma hatua mbili, akapokea pongezi kama bwana harusi.

"Hii sasa ndiyo skrini," akasema kinyozi.

"Mtoto atapata kazi mpaka za nje ya nchi," akasema mwenye nyumba, ambaye hajui mtoto anafanya kazi gani.

Mtaalamu akabandika stika yake kwenye kona ya chini, akaipigapiga kwa kidole gumba, akaenda zake. Wale wengine wakamfuata. Mimi nikavaa miwani na kusogea.

Mtu aliyeshika vitambaa miaka ishirini na minne hahitaji kuambiwa. Kuna kitambaa kina nyuzi nyingi kwenye upana wa kidole, ukikitazama unaona kitu kimoja laini. Na kuna chandarua. Hii ilikuwa chandarua. Kila namba kwenye ramani ilikuwa na kingo za ngazi ngazi kama msumeno. Kubwa, ndiyo. Sindano ukiitazama kupitia wavu haionekani vizuri zaidi eti kwa sababu wavu ni mkubwa.

"Mwanangu, hii mbona imefumuka?"

Akacheka bila furaha. "Vitone ni vile vile vya laptop, mama. Wamevitandaza tu."

"Kwa hiyo si ile uliyoandika?"

"Si yenyewe. Na tazama." Akachukua rula yake ndefu, akaiweka kwenye ukuta wa hospitali pale kwenye kioo. Rula iligusa mwanzo na mwisho. Katikati pakabaki nafasi ya kupitisha kidole. "Ukuta ni mnyoofu. Mimi nauona una tumbo."

"Na ulikaa kimya!"

"Ningemwambiaje, mama? Alifurahi sana. Halafu kinyozi yupo, mwenye nyumba yupo."

Hapo ndipo hasira ilipogeuka na kunirudia mwenyewe, kwa sababu adabu hiyo nilimfundisha mimi. Nilimfundisha asimpinge baba yake mdogo mbele za watu, na yeye akajifunza vizuri kuliko nilivyotaka.

Jumatatu akafanya kazi kwenye skrini hiyo. Jumanne mchana akamaliza karatasi ya kwanza na kuituma. Kisha nikamwona anafanya jambo lililonimaliza nguvu: akaifungua laptop mbele ya lile dirisha la skrini, akasogeza pua kwenye kioo kidogo kama zamani, na kubwa likabaki nyuma yake limewaka bure kama taa ya harusi.

Jumatano asubuhi nikachukua pamba na mafuta ya kupikia, nikaanza kuitoa stika. Risiti ilisema kubadilisha ni ndani ya siku saba, kitu kiwe hakina alama. Mume wangu akanikuta nimepiga magoti.

"Unafanya nini?"

"Namsafisha ndugu yako."

Akasimama. Akanitazama mimi, akamtazama binti yake aliyekuwa anajisugua macho kwa viganja, akavaa viatu. "Mimi nitasema sikuwepo," akasema, na akaondoka asiwepo kweli.

Nikaenda kwenye chumba cha Mtaalamu. Alikuwa anaunganisha simu ya mteja, ameishika mbali kama inanuka.

"Shemeji, ile skrini tunairudisha."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Haifai. Vitone vichache, na imepinda."

Mteja akainua macho. Mtaalamu akacheka kwa ajili ya mteja. "Nani kasema vichache? Cherehani?"

"Miwani."

"Shemeji, kitu nilichokichagua mimi hakijawahi kurudi dukani. Uliza mtaa huu."

"Najua. Vingine vilikwenda moja kwa moja jalalani."

Mteja akashindwa kujizuia. Mtaalamu akaweka bisibisi chini. Akasema kama ni hivyo atakuja mwenyewe, na huko dukani ataniaibisha mbele ya wenye kujua, kisha nimwombe radhi. Nikamwambia avae viatu vizuri tusichelewe.

Safari hii binti yangu alibeba laptop na ramani yake. Nilimwambia njiani, "Kasuku hatumtazami. Utaweka kazi yako kwenye kila skrini, hata wakikasirika." Yule yule wa shati la kubana alipotuona na boksi, tabasamu lilikaa kidogo likaondoka. Akaikagua skrini kila upande, akipitisha kidole pale palipokuwa na stika. Pamba yangu ilikuwa imefanya kazi. Akakubali kubadilisha, kwa uso mkavu.

"Sasa tupe tatu mezani, zikae sambamba," nikasema. "Bapa. Na ramani hii iwe kwenye zote."

"Mama, kuunganisha moja moja itachukua muda."

"Sisi tumeshakaa. Wewe je?"

Akaunganisha moja baada ya nyingine. Binti yangu akafungua ukurasa ule ule wa hospitali kwenye kila moja. Ya kwanza ilikuwa nzuri kidogo kuliko ile yetu. Ya pili ilikuwa kali, namba zimekaa kama zimechapwa leo, ila ilikuwa inang'aa mpaka nikaona ndani yake mlango wa duka, taa, na uso wangu mwenyewe. Ya tatu ilikuwa kali vile vile na haikung'aa. Kwenye ukuta wa ramani ulionekana mstari wa penseli wa mchoraji wa zamani, aliyechora, akafuta, akachora tena. Binti yangu akavuta pumzi kama mtu aliyevuliwa kiatu cha kubana.

"Hii, mama."

Mtaalamu alikuwa nyuma yetu hatua mbili, mikono kiunoni. "Zote sawa," akasema. "Mnajisumbua. Tofauti ni ya jina tu."

"Zote sawa?"

"Sawa kabisa. Ila zile ni ndogo."

"Sogea basi utusomee hapa. Huu mlango upana wake ngapi?"

Akasogea. Akainama. Nilimwona akirudisha shingo nyuma, akileta mbele, akirudisha tena. Namba ilikuwa kwenye skrini ya tatu, safi, unaweza kuisoma ukiwa unapita. Akakohoa. Akatazama juu kidogo ya skrini. Sauti ikashuka. "Mbili nukta..."

Ilikuwa moja nukta mbili.

Nikakumbuka kikaratasi kilivyonyooshwa mbali. Nikakumbuka kadi kwenye mkono ulionyooka, simu ya mteja iliyoshikwa kama inanuka, na zile hatua mbili za kurudi nyuma ambazo mtaa mzima unazichukulia kuwa ni ukaguzi. Mimi niliyeishi hivyo hivyo na sindano miaka miwili sikuyaunganisha, kwa sababu nilikuwa na kazi ya kumdharau. Ile kadi hakuisoma vibaya. Hakuisoma kabisa. Tulichukua mtu asiyeona kitu cha karibu, tukamtanguliza akatuchagulie skrini ya kuokoa macho.

Muuzaji alikuwa ameshaanza kutabasamu. Hapo nikashindwa na kitu nisichokijua, labda ni undugu, nikamsitiri. "Mlango una kivuli," nikasema. "Funga hii ya tatu."

Nje, binti yangu alipotangulia na boksi, nikamvuta shemeji yangu mkono.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usiniletee sauti nzito. Tangu lini huoni karibu?"

Akatazama magari. "Mwaka. Mwaka na nusu. Ni uchovu tu, shemeji."

"Uchovu! Nami nilisema ni uzi. Umekaa mwaka na nusu unafungua simu za watu kwa kupapasa, halafu unamsomea mwanangu kadi. Ungesema tu, 'Mama, hebu soma wewe.' Maneno manne. Macho kwisha si aibu, hata yangu yamekwisha. Lakini wewe ulisimama pale ukamtungia mtoto 4K kutoka kichwani, na kazi yake iko shingoni!"

Akaenda kumpokea binti yangu boksi. Sikupata raha niliyotegemea.

Nyumbani alikuja kuunganisha, kwa mazoea. Skrini ilipowaka, ramani ilikuwa safi lakini maandishi ya menyu yalikuwa madogo kama sisimizi. Mtaalamu akafufuka. "Mmeona? Haifai hii! Ngoja nipunguze vitone, kila kitu kiwe kikubwa." Akashika kipanya cha kompyuta.

"Baba mdogo, hapana," binti yangu akasema.

Alisema kwa adabu, amesimama, mikono mbele. Lakini alisema.

"Ukipunguza vitone tunarudi kule kule. Nakuza maandishi peke yake, vitone vibaki vyote. Naomba kipanya." Akanyoosha mkono, na baba yake mdogo akampa. Alibofya mara tatu, maandishi yakanenepa, yakabaki laini. Mtaalamu akarudi nyuma hatua mbili, akakumbuka kuwa nipo, akasogea tena.

Ningependa kumalizia hapo. Lakini Alhamisi, nikiwa napiga pindo, nikasikia kiti cha binti yangu kinasukumwa.

"Mama. Nimefuta bomba."

Alikuwa ameifungua karatasi ya kwanza, ile iliyokwishatumwa Jumanne, ili ailinganishe na nyingine. Chini ya chumba cha upasuaji, kwenye ramani ya zamani, kulikuwa na vidoa vidoa vya kijivu. Kwenye ile skrini ya kukumbatia vilikuwa ukungu wa karatasi, naye akavisafisha kama anavyosafisha ukungu wote. Kwenye hii mpya, hata mimi niliona: vilikuwa vistari vifupi vilivyopigwa kwa rula, vyenye nafasi sawa, na herufi ndogo pembeni. Bomba la maji machafu linapita chini ya sakafu.

Nikamshika bega. "Lirudishe. Lichore, utume tena, useme umeboresha. Usitaje kitu."

"Wameshaipokea, mama. Wanaitumia."

"Kosa moja, alisema! Unataka kumpigia umwambie nifukuze?"

"Wakichimba je?"

Akapiga. Akaiweka simu kwenye spika, sijui kwa nini, labda ili asiwe peke yake. Nilisimama na sare ya mtoto wa watu mkononi.

"Injinia, ni mimi. Karatasi ya kwanza ina kosa. Kuna bomba chini ya chumba cha upasuaji, nilidhani ni uchafu nikalifuta. Naituma upya sasa hivi."

Nikasikia huko aliko mlango unafungwa.

"Bomba liko upande gani?"

"Ukuta wa mashariki. Sentimita arobaini kutoka ukutani."

"Hapo tunachimba mashimo ya nguzo Jumamosi." Nikasikia karatasi zinapinduliwa. "Umelionaje leo wakati Jumanne hukuliona?"

"Nimebadilisha skrini."

"Ungebadilisha mwezi uliopita."

"Ndiyo, injinia."

"Nitumie. Na hizo nyingine zipitie zote kwa hiyo skrini kabla sijaziona."

Simu ikakatika. Hakusema abaki, hakusema aondoke. Binti yangu akakaa, akachora bomba, akatuma, akaendelea na karatasi ya nne. Mimi nilishona pindo lile mara mbili, upande wa nje. Ijumaa saa sita alituma ya sita. Macho yake hayakuwa mekundu, nilimtazama mara nyingi mpaka akaniambia, "Mama, kama unanipima, nishonee basi sare na mimi."

Jumatatu injinia akatuma jengo la pili la hospitali ile ile. Karatasi kumi na moja. Hapakuwa na salamu wala pongezi, ila mwisho aliandika mstari mmoja: ukiona kitu kama ukungu, niulize. Binti yangu aliusoma mstari huo kwa sauti mara mbili, akaenda kumsomea baba yake, aliyekuwa sasa anapatikana nyumbani.

Habari ilipofika barabarani, ilifika imevaa nguo nyingine. Kwa kinyozi, Mtaalamu alimwokoa mtoto wa kaka yake kwa kumchagulia skrini iliyoona bomba chini ya ardhi. Sikushangaa. Kesho yake alikuja kwangu na mteja, mtu mnene wa heshima anayetaka skrini ya ofisi.

"Shemeji, hebu mweleze bwana huyu tulivyochagua."

"Mweleze wewe," nikasema, uzi mdomoni. "Anzia kwenye kadi."

Akakohoa. Akatazama dari. Nikasubiri sauti ishuke. Haikushuka. Akamwambia yule bwana aende na kazi yake dukani kwenye flashi, aiweke kwenye skrini mwenyewe, na asimtazame kasuku. Maneno yangu yote, ameongeza flashi tu. Bwana akashukuru, akamshukuru yeye, akaenda.

Mtaalamu akabaki mlangoni anachezea mfuko wa shati.

"Shemeji, yule fundi miwani wako... yuko mtaa gani vile?"

Nikamwelekeza: ashike barabara ya soko, apite kituo cha mafuta, bango la buluu mkono wa kulia. Aliuliza kama ningeweza kumpeleka. Nikakataa. Bango liko mbali na ni kubwa, na vitu vya mbali anaviona vizuri sana.